Mvua ya Paka na Mbwa

"Haya, shemeji, muulize," Mikidadi alisema, akajiweka vizuri mkekani kama mtu aliyekuja kutazama ngoma.

Ausi alikohoa. Akakohoa tena. Jasho lilikuwa limeshalowanisha kola ya koti lake la jeshi, lile alilorudi nalo kutoka Burma, ambalo alilivaa kila Ijumaa ili Ruangwa nzima isisahau alikokuwa.

Mbele yake alikaa Yunusi, mchumba, kijana wa kambi ya mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea, shati jeupe na viatu vya ngozi. Posa yake ilikwenda vizuri mpaka aliposema kazi yake ni ukalimani wa Wazungu. Hapo Mikidadi akakunja uso. Kama ni kweli, alisema, binti ni wake. Kama si kweli, arudi alikotoka. Hakuna alichokichukia Mikidadi kama uongo. "Njia ya mwongo ni fupi," alizoea kusema, na mwaka juzi alimfukuza ndugu yake wa tumbo moja kwenye ua huo kwa uongo wa mbuzi mmoja tu.

Ausi naye alikuwa akila na kulala kwenye ua huohuo, kwa dada yake Biasha, tangu vita viishe. Na Kiingereza alichokijua kingeenea kwenye kikopo cha ugoro, na nafasi ikabaki.

Lakini nani alijua? Miaka yote hiyo alikuwa akijigamba. Watoto wakimuuliza Wazungu jicho wanaliitaje, anasema ai. Na mimi? Ai. Wanacheka mpaka wanagaagaa. Meli? Shipu. Kondoo? Shipu. "Kwa hiyo Burma ulikwenda umepanda kondoo, shemeji?" Mikidadi aliwahi kumuuliza, na tangu siku ile akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Kumbe hayo ndiyo maneno machache ambayo Ausi alikuwa na hakika nayo.

Kilichomponza leo ni majivuno. Mikidadi alitaka aitwe Mwalimu Saturnini kutoka misheni ya Mnero, aje amjaribu kijana. Sabaha, binti mwenyewe, akasema kwa adabu kutoka jikoni, "Mwalimu wa nini, baba, na mjomba yupo?" Mjomba akavimba kichwa, akasema, "Nileteeni huyo." Sasa ameletewa.

"Masikio yangu, tangu ile mizinga..." alianza.

"Atasema kwa nguvu."

"Labda tule kwanza..."

"Wali haujaiva."

Ausi aliangalia mlango. Biasha na majirani zake walikuwa wameujaza, hata kuku asingepenya. Alikuwa amenaswa, na aliogopa kuliko alivyoogopa Burma. Akavuta pumzi, akapaza neno pekee lililomjia.

"Atensheni!"

Yunusi akaruka, akasimama wima. Kisha Kiingereza kikamtoka mfululizo, bila kumeza mate, mikono ikikata hewa, na Ausi akajua amekwisha. Huyu anakijua. Huyu amesoma. Akigeuka tu na kusema mzee huyu hanijibu kitu, basi leo nalala njiani.

"Yesi," Ausi alisema kila kijana aliposita. "Yesi. Veri gudi."

Yunusi akamaliza.

"Amesemaje?" Mikidadi akauliza.

"Amesema atamtunza Sabaha."

"Maneno yote yale?"

"Kiingereza kina maneno mengi, shemeji."

"Mimi nimesikia katsi endi dogsi. Dogi nalijua, ndivyo yule Mzungu wa barabara anavyomwita mbwa wake. Binti yangu na mbwa, wapi na wapi?"

Mlangoni wanawake wakaguna. Ausi akafumba macho, na kutoka mbali, kutoka kwenye handaki lililojaa maji hadi kiunoni, akamkumbuka sajenti wa Kizungu akiyatukana mawingu kwa maneno hayohayo.

"Ni mvua," alisema. "Mvua kubwa Wazungu wanaiita mvua ya paka na mbwa."

"Mvua? Kiangazi hiki?"

Ajabu ya Mungu, kati ya yote aliyosema, lile la kweli ndilo lililotaka kumtia kitanzini. Ausi alimtazama Yunusi kwa macho ya kuomba. Yunusi naye alikuwa akimtazama yeye kwa macho hayohayo.

"Anasema," Ausi akamalizia, "hata inyeshe mvua hiyo, Sabaha hatalowa."

Mikidadi akamgeukia kijana. "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, mzee! Neno kwa neno."

Mikidadi akaanza kucheka. "Paka na mbwa!" alisema, akijipangusa machozi, akaagiza wali uletwe. Biasha akapiga kigelegele.

Baada ya kula, Ausi alimsindikiza Yunusi kwenye njia ya Nachingwea. Kijana alisukuma baiskeli yake mpaka nyumba za Ruangwa zilipobaki nyuma. Hapo akasimama, akamshika Ausi mkono kwa mikono yake miwili.

"Mjomba, Mungu akulipe. Mimi kule kazi yangu ni kupaka matrekta grisi. Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Yale yote ni makelele ya mafundi wa Kizungu, nimeyaokota tu."

Ausi akaiweka sawa kola ya koti lake la jeshi.

"Nilikugundua tangu neno la kwanza, kijana. Nikaamua kukusitiri."

Yunusi aliinamisha kichwa, akijikaza asicheke.

"Sabaha aliniambia utasema hivyohivyo, mjomba. Ndiyo maana hakutaka aje Mwalimu Saturnini."