Ubeti wa Tatu wa "Farasi wa Gavana"

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa parokia, Belmont, kwa herufi nyekundu: "Umma wa Port of Spain unajulishwa kwa heshima kuu kwamba Jumamosi hii, saa kumi alasiri, Bendi ya Kalipso Asilia itaimba nyimbo za babu zetu kama zilivyoimbwa, bila umeme, bila kipaza sauti, bila kubadilisha hata silabi moja."

Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa penseli: "Na bila watu."

Ferdinand Quamina, kiongozi wa bendi, aliyafuta maneno hayo kwa kifutio alichokuja nacho makusudi. Dhihaka alizizoea. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua la Trinidad kwa sababu waimbaji wa miaka ya thelathini walivaa hivyo. Gita lake alilifunga nyuzi za utumbo, ambazo zilikatika kila wimbo wa pili, kwa sababu ndivyo zilivyokatika zamani.

"Leo tukiteleza, tumekwisha," aliwaambia wenzake.

Hakuwa anatia chumvi. Mwaka uliopita kamati ya urithi iliwatimua mashindanoni baada ya kubainika kwamba wimbo wao "wa mwaka 1929" ulitaja televisheni. Ferdinand alikuwa ameutunga bafuni. Kosa la pili lingewafanya wafungiwe maisha. Safari hii kamati ilidai shahidi: mtu aliye hai, aliyekuwamo ndani ya hema, lile banda la mianzi la kuimbia kalipso, nyimbo za kuwakejeli wakubwa, siku wimbo ulipoimbwa.

Shahidi alikuwepo. Wiki tatu nyuma, walipokuwa wakijaribu "Farasi wa Gavana", wimbo wa mwaka 1937 uliobakiza beti mbili tu duniani, mzee mmoja mrefu aliyeketi benchi la mwisho karibu na mlango alisema, "Ubeti wa tatu mmeuruka."

Ferdinand aliacha kupiga gita.

"Kuna ubeti wa tatu?"

"Upo. Na wa nne upo. Wa nne una matusi."

Jina lake lilikuwa Theophilus Gittens. Aliyataja maneno yote bila kukwama, kisha akaongeza kwamba yaliimbwa mara ya kwanza Ijumaa, tarehe 22 Januari, saa mbili na dakika kumi usiku.

"Mzee, ulikuwamo hemani kweli?" Ferdinand aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Misimu sita, kijana. Sikukosa hata usiku mmoja. Ilikuwa kazi yangu."

Ynez Salandy, mpiga kwatro, kile kigitaa cha nyuzi nne, alimvuta Ferdinand pembeni. "Mwalimu, mbona saa anaikumbuka lakini mahadhi hana?"

"Wewe nawe! Msanii wa kweli huimba moyoni."

"Basi huo moyo umefungwa kufuli."

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni, maana habari za ubeti wa nne zilikuwa zimefika mpaka mtaa wa Laventille. Mbele kabisa, na faili mapajani, aliketi Mama Hyacinth Lezama wa kamati, ambaye usichana wake wote aliuza karanga mlangoni mwa hema lile lile.

Walipofika ubeti wa tatu, watu walipiga makofi mpaka vioo vikatetemeka:

*Farasi ajua njia, Gavana ajua cheo;*
*farasi kafika jana, Gavana hajaja leo!*

Kwenye ubeti wa nne, mabibi waliwaziba wajukuu masikio na kuyatega ya kwao. Nyuzi mbili zilikatika. Ferdinand aliona fahari tupu.

Ndipo Mama Lezama akasimama. "Shahidi na asimame."

Mzee Gittens alisimama wima, visigino vimegusana.

"Fomu inasema wewe ni Lord Barometa."

Mzee alimgeukia Ferdinand. Ferdinand aliangalia dari. Jina lile alilijaza mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwimbaji aliyepanda jukwaani enzi zile bila jina la majigambo, na mzee kila alipoulizwa lake alikohoa tu.

"Waimbaji wa hema lile niliwajua wote," alisema Mama Lezama. "Namjua aliyependa karanga za chumvi na aliyetaka za sukari. Barometa simjui. Ferdinand, umeanza tena?"

"Televisheni!" mtu alipaza sauti huko nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mama Lezama alifungua kalamu. Ferdinand aliiona ikishuka kwenye karatasi, na pamoja nayo miaka kumi na mitano ya kutafuta nyimbo, nyuzi za utumbo na kila kitu.

"Mzee, nakuomba," alinong'ona. "Mwambie ulikuwa nani."

Mzee Gittens alivua kofia.

"Usiandike, Mama. Jina ni uongo wa mwalimu, lakini wimbo ni wa kweli, neno kwa neno. Nimejificha nusu karne, leo nimekamatwa. Mimi sijaimba hata siku moja. Mimi nilikuwa polisi wa nguo za kiraia, niliyetumwa kuyanakili maneno ili Gavana ayapige marufuku. Nyimbo nyingine nilizimaliza kwa usiku mmoja. Huu ulinichukua usiku tisa, maana kila ukifika ubeti wa tatu nilikuwa nacheka mpaka nashindwa kuandika."