Skafu Isiyo na Maua

Mwamvita aliyafumua maua yote saba, moja baada ya jingine, akauzungusha uzi wa waridi kwenye kidole na kuurudisha kikapuni. Wegesa, aliyeketi mkekani na mtoto mgongoni, aliutazama uzi ukiondoka.

Siku moja kabla alikuwa amefika hapo mtaani Nyasho akitokea hospitali, miguu imejaa vumbi, akauliza kama ndipo panapofumwa skafu. Alichagua pamba nyembamba ya rangi ya waridi, kisha akagusa kwa kidole pindo la maua kwenye kitambaa cha meza. Mwamvita akaanza na hayo maua. Asubuhi hii ndipo alipokumbuka kuuliza skafu yenyewe ni ya nani.

"Ya mwenye mji," Wegesa alijibu. "Aliyenitolea ng'ombe. Amelazwa, kifua kinamsumbua."

Mwamvita hakuwa mtu wa kumkosoa mteja, ila hili alilijua vizuri. Miaka ya nyuma alimfumia marehemu mumewe, Hamduni, skafu yenye maua. Hamduni aliivaa mara moja tu kwenda sokoni, wenzake wakamwita bi harusi, na tangu siku hiyo ikakaa sandukuni.

Kwa hiyo alimweleza polepole. Pamba haishiki joto. Mfumo wa matundu hupitisha upepo, na ule wa makombe, wenye mapambo kama kombe za baharini, ni wa sherehe. Kwa mgonjwa wa kifua inafaa sufu, mafundo mafupi yaliyobanana, iwe ndefu ya kuzunguka shingo mara mbili na ncha zifike kifuani. Alikuwa na sufu ya kaki aliyoifumua kutoka sweta la askari aliyerudi kutoka vita vya Bama mwaka uliopita. Pindo lingebaki tupu.

Jirani yake Kudura, aliyekuwa akichambua dagaa mlangoni, alicheka.

"Maua kwa mwanamume, wifi? Au huko kwenu wanaume ndio wanaolewa?"

Wegesa alifungua mdomo. Akamtazama Kudura, akaufunga.

"Na huyo wa mgongoni," Kudura aliendelea, "amefanana na baba yake?"

"Amefanana na mimi. Mwenye mji akimbeba anasema ni wake. Inatosha."

Kudura alimtupia Mwamvita jicho. Mwamvita aliinama kwenye kikapu, akajifanya hakuliona. Nyumba za watu zina mengi, na mfuma skafu hakuitwa kuyapima.

Kudura alipoondoka kwenda kuanika dagaa wake, Wegesa alisogea karibu. Alisema hana budi kurudi Butiama siku ile ile, kwa kuwa watoto wawili amewaacha kwa jirani. Angerudi baada ya siku tano. Lakini dresa anayehudumia wagonjwa wodini alikuwa amemwambia kwamba siku za mgonjwa si nyingi.

"Mji wake haukuwa na mtoto, mama. Alitoa ng'ombe zake zote ili usizimike. Mimi nilikujaga kwake na nguo moja ya kuazima, yeye akanivisha. Sijawahi kumpa kitu. Nataka avae changu, hata siku moja."

Mwamvita alimwahidi kwamba ataimaliza na kuipeleka mwenyewe. Akauliza jina la mgonjwa.

"Jina lake mimi sitaji," Wegesa alisema, macho chini. "Kwetu ni heshima. Ni kitanda cha dirishani, dirisha linalotazama ziwa. Useme tu imetoka kwa Wegesa."

Mwamvita alikubali bila kuuliza zaidi. Hata bibi yake mzaa mama hakuwahi kulitamka jina la mumewe mpaka anakufa.

Alifuma siku mbili. Kila alipofika mwisho wa mstari aliuvuta kidogo, aone kama mafundo yamelingana. Siku ya tatu aliikunja skafu, akajifunga kanga, akaenda.

Kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Mzee wa Bunda aliyevunjika mguu alimwambia kwamba mwenzao wa pale alitoka jana, kwa miguu yake mwenyewe. Mwamvita alipita kitanda kwa kitanda, safu zote mbili, akiuliza. Hakuna aliyemjua Wegesa. Basi akamshukuru Mungu kwamba mtu amepona, akageuka kurudi.

Nje upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Alipopita chini ya dirisha la wodi nyingine, bibi mmoja mzee alikuwa ameliegemea kwa ndani, anatazama njia. Mwamvita alimpa shikamoo. Bibi aliitika kwa kikohozi kirefu. Mwamvita aliikumbatia skafu kifuani, baridi isimpate, akaenda zake.

Wegesa alikuja siku ya tisa. Alikuwa amenyoa nywele zote.

Mwamvita alisimama. Alieleza kila kitu kwa utaratibu, kama ilivyokuwa: kitanda kitupu, godoro, maneno ya mzee wa Bunda, safu mbili za wanaume. Kisha akamwekea skafu magotini.

Wegesa alilipapasa pindo lote, ncha hadi ncha.

"Kwetu hata bibi asiye na mtoto hutoa ng'ombe akaoa mke, mama. Nilimkuta wodi ya wanawake, bado ana pumzi kidogo," alisema. "Aliniambia kuna mama alipita chini ya dirisha lake, akampa shikamoo, amekumbatia skafu. Akaniuliza kama yake itakuwa na maua."