Chekeche la Mwanaidi

Sindano ya kabureta ilimponyoka Sefu, ikadunda kwenye bampa na kuzama mchangani. Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, lakini bila hiyo injini haiwaki, na madukani haikupatikana tena. Kwa miaka mitatu alikuwa akilifufua uani gari lile kuukuu la kubebea mikate. Leo mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa njiani. Mwanaidi, mkewe, ndiye aliyemwita.

Sefu alipekua mchanga mpaka magoti yakachubuka. "Basi," alisema. "Na alichukue."

"Miaka mitatu umenilaza na harufu ya petroli, leo ndiyo unakata tamaa?" Mwanaidi alitoka jikoni na chekeche lake la unga, lile ambalo hata dada zake hawaruhusiwi kuligusa. Akapiga magoti kwenye grisi, akachota mchanga, akachekecha.

"Litaharibika, mke wangu."

"Limeshaharibika. Chota!"

Walichekecha nusu ya ua kabla kitu hakijalia wavuni. Sefu aliiokota sindano. Alimpangusa mkewe vumbi la kope kwa kidole kilichobaki safi, kisha akairudisha mahali pake.

Nje, mnunuzi alipiga hodi.

Mwanaidi alipanda kiti cha abiria, chekeche mapajani. "Usimjibu kwa mdomo," alisema.

Sefu akaingiza ufunguo.