Mtu Aliyeachwa Kisimani

Tangu mwaka jana, mwandishi Shekuwe alikuwa amemwacha shujaa wake kisimani, ukurasa wa mia tatu. Kila alipoketi kuimaliza hadithi, nyingine ilibisha hodi. Leo ilikuja ya mbuzi aliyeteuliwa kuwa kadhi.

"Baba, mtoe mtu majini kwanza," binti yake Mishi alisema.

"Lakini mbuzi huyu ana hekima, mwanangu!"

"Basi ataelewa akiambiwa angoje. Yule anazama."

Shekuwe akaona haya. Akamwomba radhi mheshimiwa mbuzi, kisha akaandika: *Kamba ikateremshwa.*

Ghafla kalamu ikawa nzito, ikavutwa chini. Akaidaka kwa mikono miwili. Mishi akamshika kiuno, wakavuta, na maji yakaanza kuchuruzika mezani.