Herufi Ubavuni mwa Tairi

Mama fundi alishakaza nati ya mwisho ya gari la wagonjwa, akawa anafuta vumbi kwenye tairi jipya, kitambaa kilipofichua herufi ubavuni: L. Matairi aliyachagua kwa ukubwa tu, na tairi la L halipaswi kuzidi kilomita mia na ishirini kwa saa.

Dereva, mume wa binti yake, alikuwa ameshawasha injini.

"Ukibeba mgonjwa unakimbia ngapi?"

"Mia na arobaini, mama."

Akapenyeza mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

"Shuka. Yote manne yanatoka. Binti yangu akija kwangu nataka aje kutembea, asije akiwa mjane."

Dereva akacheka. Mama fundi akautia ufunguo mfukoni, akainama kulegeza nati ya kwanza.