Picha Zilizoharibika

Jambo la mwisho ambalo mke wa Fisimaji alilifanya akiwa mzima ni kupiga maji kwa mkia ili ndege wa kinamasi waruke na mumewe awapige picha. Kisha, kama kawaida yake, akachupa juu na kuingia kwenye picha.

"Umeiharibu tena, mama watoto," alisema Fisimaji, ambaye alitaka picha ya ndege na anga tu. Ilipotoka, akaitupa.

Wiki hiyo homa ikamchukua mkewe. Fisimaji akapekua picha zake zote akakuta ndege tele, na mkewe hayumo hata katika moja. Akaanza kuogopa kwamba sura yake itamtoka akilini.

Yangeyange, ndege aliyejipenda kuliko wote, alipokuja kutoa pole alimkuta bado anapekua. Alipoelezwa sababu, akanyoosha shingo.

"Zile ulizotupa ninazo mimi, bwana. Nani atupe mbawa nzuri kama hizi?"

Akaleta fungu zima kutoka kiotani. Katika kila picha Yangeyange alikuwa angani, na pembeni chini, masharubu yakichuruzika maji, mke wa Fisimaji alikuwa anacheka.

"Ahsante kwa kujipenda kwako, ndugu yangu," alisema Fisimaji.

"Wengine hunisema kwa hilo hilo," alijibu Yangeyange.

Kesho yake asubuhi Fisimaji alikwenda kinamasini, akapiga maji kwa mkia wake mwenyewe, akampiga Yangeyange picha akiruka, na pembeni chini akaacha nafasi.