Unene Usio wa Kwetu

Mwandu alijibanza nyuma ya bajaji iliyoegeshwa, akamtazama binti yake akipokea pipi ya bure dukani kwa Hashimu.

Kabula alikuwa na miaka saba na kilo arobaini na tano. Shingo yake ilijikunja kwa nyuma kama ya Hashimu, ambaye naye alirithi unene wa marehemu baba yake, muuza vitambaa minadani. Mwandu na mkewe Veronica walikuwa wembamba.

"Kwetu hakuna mnene hata mmoja," alimwambia Veronica jioni hiyo. "Kwenu pia hakuna. Huyu mtoto unene kautoa wapi?"

"Unachotaka kusema kiseme, Baba Kabula."

Mwandu alitaka vipimo vya DNA.

Mama yake Mwandu, Nyanjige, alikuwa amekuja Bariadi kutoka Bukundi kuwasalimia. Aliposikia habari hiyo aliisukuma sahani yake kando.

"Mtoto anakuita baba. Inatosha. Achana na vipimo."

Mwandu akaona hata mama yake anamkingia kifua Veronica. Tangu siku hiyo akahamia kulala sebuleni.

Wiki kadhaa baadaye, daktari aliwasomea majibu.

"Kabula ni mtoto wako. Hakuna shaka."

Mwandu alishusha pumzi. Veronica, aliyekaa pembeni yake, hakumtazama.

"Sasa huo unene, daktari?"

"Wewe ulikulia wapi?"

"Bukundi, nikichunga ng'ombe. Mlo mmoja kwa siku."

"Unene nao una vinasaba vyake. Kwa mtu aliyekulia kwenye njaa na kutembea, vinaweza kunyamaza maisha yake yote. Mwanawe akikulia mjini, kwenye soda na chipsi, vinaamka. Ulizia upande wenu. Huenda kuna mtu."

Njiani Mwandu aliomba msamaha mara tatu. Walipofika nyumbani, Veronica aliingia ndani, akafunga mlango.

Nyanjige alikuwa uani anachambua mchicha.

"Mayu, Kabula ni wangu," Mwandu alimwambia mama yake. "Daktari anasema huenda unene umetoka upande wetu. Lakini ndugu wote wa baba nawajua. Wote wembamba."

Nyanjige aliutazama mlango uliofungwa, kisha akashusha sauti.

"Ndugu wa baba aliyekulea, ndiyo," alisema. "Kesho nenda dukani ukamwamkie Hashimu. Ni kaka yako."